Binti Amepata Mimba Kabla ya Miaka 18: Maswali Kuhusu Matunzo, Masomo na Uamuzi wa Familia

Majibu haya yanahusu Tanzania Bara. Yameandikwa kwa ajili ya binti mwenyewe, wazazi wake, na wale ndugu watakaoitwa kwenye kikao. Yapo mambo mawili ya haraka kuliko yote, kliniki na tarehe za kisheria, na yote mawili huchelewa kwa sababu familia inatumia wiki za mwanzo kulumbana.

Tumegundua leo. Tuanzie wapi?

Kliniki. Kikao cha ukoo kinaweza kungoja hadi Jumamosi, ila hudhurio la kwanza linatakiwa kabla ya wiki 12 za mimba, na mahudhurio yote hadi kujifungua ni angalau 8. Siku hiyo binti hupimwa shinikizo la damu, mkojo, wingi wa damu, kundi la damu, kaswende na VVU. Hupewa vidonge vya kuongeza damu na chandarua chenye dawa. Dawa ya kukinga malaria hufuata mimba inapoingia mwezi wa nne.

Umri wake si jambo la kupuuzwa. Wasichana wa miaka 10 hadi 19 hupata kifafa cha mimba na maambukizi baada ya kujifungua kwa kiwango kikubwa kuliko wanawake wa miaka 20 hadi 24. Kwa mdogo ambaye nyonga hazijakomaa, uchungu unaweza kukwama, na uchungu uliokwama kwa saa nyingi bila msaada ndio unaoleta fistula. Kwa hiyo mapema kabisa muulizeni muuguzi: ajifungulie wapi penye chumba cha upasuaji? Msingoje wiki ya 38 ndipo mjue kwamba zahanati ya jirani haifanyi upasuaji.

Akiumwa kichwa sana, akiona ukungu machoni, akivimba uso na mikono, akitokwa na damu, akipata homa kali au mtoto akiacha kucheza, ni hospitali saa hiyo hiyo. Hata kama ni usiku.

Jambo moja huwakwaza wengi mlangoni: kuambiwa "njoo na mwenza". Kupima pamoja na mwenza kunahimizwa, lakini si sharti la kupata huduma. Mama, shangazi au dada amsindikize na aseme wazi kwamba mwenza hayupo. Akirudishwa bado, muoneni mganga mfawidhi wa kituo.

Huduma hizo ni bure kweli?

Kwa sera, wajawazito na watoto wa chini ya miaka 5 wamesamehewa malipo katika vituo vya serikali. Katika hali halisi vifaa hupungua, na familia huombwa kuja navyo: glovu, nyembe mpya, vibana kitovu, pamba, mpira wa kulalia, beseni na kanga. Pigeni hesabu yenu wenyewe. Andikeni nauli ya kliniki mara 8 kwenda na kurudi, nauli ya gari au bajaji ya usiku siku ya uchungu, vifaa vya kujifungulia, nepi za kitambaa 12 hadi 18, doti 2 za kanga, shuka, kofia na soksi za mtoto, na chakula cha ziada cha binti: maharage, dagaa, mayai, mboga za majani. Mkifika jumla ya sh. 180,000 na zimebaki wiki 20, ni sh. 9,000 kwa wiki. Kiasi hicho familia nyingi hukipata kidogokidogo. Sh. 180,000 za siku moja huishia kwenye mkopo wa riba.

Fedha hizo zikae kwa mtu mmoja anayeaminika, na ya usafiri wa dharura isiguswe kwa jambo lingine.

Nani anapaswa kumtunza binti mwenyewe?

Wazazi au walezi wake, kama jana. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na mimba haimwondoi humo. Chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu bado ni wajibu wa mzazi. Kumfukuza nyumbani ni kosa linaloweza kuleta faini isiyozidi sh. milioni 5, kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote pamoja.

Akifukuzwa, apige 116, namba ya huduma ya simu kwa mtoto, bila malipo. Au aende kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Afisa huyo anaweza kuwaita wazazi, na panapokuwa na hatari anaweza kumtafutia ndugu mwingine wa kumhifadhi. Baba mwenye hasira ya siku tatu ni jambo linalozungumzika. Mtoto anayelala kwa jirani wiki ya pili sasa anahitaji ofisi iingilie.

Matunzo kutoka kwa baba wa mtoto yanadaiwa lini?

Soma jibu hili mara mbili, kwa maana hapa ndipo wengi wanapoteza haki. Maombi ya matunzo yanaweza kupelekwa mahakamani mtoto akiwa bado tumboni, au wakati wowote ndani ya miezi 24 tangu azaliwe. Miezi 24 ikipita, mlango unabaki wazi kwa hali chache: kwamba mwanaume huyo alitoa fedha za matunzo ndani ya miezi hiyo 24, au kwamba alikuwa nje ya nchi, ambapo hesabu huanza aliporudi.

Ndiyo maana kila shilingi aliyotuma ina thamani kuliko ukubwa wake. Ujumbe wa simu unaoonyesha ametuma sh. 5,000 "za maziwa" unaweza kuwa ndio ushahidi unaofungua mlango baada ya miaka mitatu. Usifute. Piga picha ya skrini, nakili tarehe kwenye daftari, na ukibadilisha simu hamisha ujumbe kwanza.

Hatua zenyewe zikoje?

Anzeni kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Mwende na kadi ya kliniki au tangazo la kizazi (karatasi ya taarifa ya kuzaliwa kwa mtoto inayotolewa kituoni), majina kamili ya mwanaume, anapoishi na kazi anayofanya, ujumbe wa simu, na majina ya watu wawili watatu waliojua uhusiano huo. Afisa humwita mwanaume. Akikubali, yanaandikwa makubaliano, na makubaliano mazuri yana mambo haya: kiasi kwa mwezi, siku ya kulipa, namba ya simu ya kupokelea, nani analipia matibabu, mavazi na baadaye shule, na lini kiasi kitapitiwa upya. Mara moja kwa mwaka inafaa.

Neno "atasaidia kadiri atakavyojaliwa" likiingia kwenye karatasi, likataeni. Hakuna hakimu anayeweza kulipima.

Akikataa au asitokee, maombi yanapelekwa Mahakama ya Watoto. Mwombaji anaweza kuwa mzazi wa mtoto, mlezi, afisa ustawi wa jamii, au mtoto mwenyewe kupitia mtu wa kumsimamia. Mahakama huangalia kama maombi yana msingi na hayana nia ya kumtisha mtu au kumkamua, ndipo hutoa wito. Afisa ustawi anaweza kutakiwa kuandika taarifa ya uchunguzi wa hali ya familia zote mbili. Mtu anayefika nyumbani kwenu kuuliza maswali basi hajaja kuwapeleleza, na majibu ya kweli ndiyo yanayowasaidia.

Hamna fedha za wakili? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria walioko hadi vijijini, na huduma yao haina malipo. Mashirika ya msaada wa kisheria kwa wanawake kama TAWLA na WLAC nayo yamezoea mashauri ya aina hii.

Anasema mimba si yake.

Mahakama inaweza kuamuru kipimo cha vinasaba. Hapa nchini kipimo hicho hufanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na hakifanywi kwa mtu kujipeleka tu: ombi hupitia mahakama, polisi, wakili au afisa ustawi wa jamii. Mwanaume akikataa kupimwa, kukataa kwake kunaweza kuhesabiwa kuwa ushahidi dhidi yake. Hata bila kipimo yapo mengine yanayopimwa: jina lake kwenye rejista ya vizazi, kumkiri mtoto hadharani, au kutimiza mila ambayo baba tu ndiye huitimiza. Kwa kawaida kipimo hungoja mtoto azaliwe, lakini maombi yenyewe hayangoji.

Matunzo ni kiasi gani kwa mwezi?

Hakuna kiwango kimoja. Hakimu huangalia kipato na mali za wazazi wote wawili, uwezo wao wa kufanya kazi, watoto wengine wanaowategemea, na gharama za maisha ya mahali mtoto anapoishi. Kwa hiyo nendeni na orodha ya matumizi ya mwezi mmoja: unga wa uji, sabuni, mafuta, nauli, dawa, na ya kumlipa anayebaki na mtoto binti akiwa shuleni. Anayetaja tu "laki mbili" bila orodha huambulia kidogo. Amri huendelea hadi mtoto afike miaka 18, na inaweza kuongezwa akiwa bado masomoni. Hali ya mlipaji ikibadilika, upande wowote unaweza kuomba kiasi kibadilishwe.

Familia ya kijana imeleta ng'ombe na fedha ili "tuyamalize nyumbani". Tupokee?

Faini ya kimila hulipwa kwa babu au baba wa binti kufidia aibu. Mtoto hapati kitu hapo. Ng'ombe akiuzwa mwezi wa pili, mtoto wa miezi 14 mwenye nimonia hana wa kumlipia dawa, na upande wa pili unajibu kwamba wao walishamaliza. Haki ya matunzo ni ya mtoto, na babu hawezi kuiuza kwa niaba yake. Mkipokea chochote, kiandikwe kuwa ni sehemu ya matunzo, kwa tarehe na kiasi, na msitie saini karatasi yoyote inayosema hakuna madai mengine. Kuhusu kosa la jinai, ambalo ndilo familia nyingi hutaka "kulimaliza", soma linalofuata.

Tukienda polisi atafungwa. Nani atamtunza mtoto?

Swali hili ni zito, na wanaoliuliza hawastahili kukemewa. Sheria iko hivi: Kanuni ya Adhabu inakuhesabu kujamiiana na msichana wa chini ya miaka 18 kuwa ubakaji hata kama aliridhia, na adhabu ya mtu mzima ni kifungo kisichopungua miaka 30. Kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari ni kosa pia chini ya Sheria ya Elimu, tangu marekebisho ya mwaka 2016, nalo lina kifungo cha miaka 30. Makosa haya hayana bei. Mzazi anayechukua fedha ili shahidi asitokee mahakamani anajiingiza mwenyewe hatarini.

Ni kweli kwamba aliye gerezani hatumi fedha. Lakini tazameni matunzo aliyokwisha kuyatoa huyo anayehofiwa kufungwa. Mara nyingi ahadi hudumu hadi hofu ya polisi ipungue, kisha namba ya simu haipatikani. Kama ana mali, shamba au nyumba, madai ya matunzo ni shauri lingine, na kufungwa kwake hakufuti ubaba. Kama alimlazimisha, ni mwalimu wake, ni ndugu wa nyumbani, au anamzidi kwa miaka mingi, usalama wa binti na wa wadogo zake unatangulia bajeti. Nendeni Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, mchukue PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Jeraha au damu vikiwepo, hospitali kwanza, fomu itafuata.

Na kama kijana naye ana miaka 16?

Basi kuna watoto wawili wanaohitaji msaada. Kesi yake husikilizwa Mahakama ya Watoto, na Sheria ya Mtoto hairuhusu mtoto kuhukumiwa kifungo cha jela. Kwa matunzo, tegemeeni makubaliano mbele ya afisa ustawi wa jamii: wazazi wa kijana wanaweza kukubali kuchangia hadi atakapoanza kujitegemea. Muombeni pia abaki shuleni. Kijana aliyetolewa shule akauze maji stendi atachangia kidogo mwaka huu na kidogo zaidi miaka yote ijayo.

Si afadhali tuwaozeshe?

Hapana, na kama binti ni mwanafunzi ni kosa la jinai kwa anayemwoa na kwa wanaosaidia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi. Katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilikikuta kifungu hicho kinakiuka Katiba mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo Oktoba 2019. Ndoa pia haifuti kosa lililotendeka kabla yake. Kwa upande wa fedha, ndoa ya haraka humhamisha binti kutoka nyumba inayomjua hadi nyumba ambako ndiye wa mwisho kupewa chakula na wa kwanza kuamka.

Atarudi shule?

Ndiyo. Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 uliruhusu wanafunzi waliokatiza masomo, waliopata ujauzito wakiwemo, kurejea katika shule za msingi na sekondari. Kabla hajaondoka kwa ajili ya kujifungua, mzazi aende kwa mkuu wa shule na kumwachia barua inayotaja jina, darasa, sababu na tarehe anayotarajia kurudi. Mbaki na nakala yenye muhuri. Bila barua anaandikwa mtoro, na kumrejesha mtoro kuna safari nyingi za ofisini. Kama ni wa darasa la mtihani wa taifa, ulizeni siku hiyo hiyo hali ya usajili wake.

Anayeona aibu kurudi kwa wenzake anaweza kuomba uhamisho. Anayehitaji muda zaidi ana njia ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima: kidato cha 1 na 2 kwa mwaka mmoja, cha 3 na 4 kwa mwaka wa pili, kisha mitihani ya NECTA kama mtahiniwa wa kujitegemea. Chini ya SEQUIP, mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya sekondari, wasichana waliokatiza masomo wamekuwa wakisoma huko bila ada. Muoneni mkufunzi mkazi wa taasisi hiyo katika mkoa wenu.

Kinachowarudisha nyumbani tena si masomo, ni ulezi wa mchana. Mtoto anahitaji maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo. Binti anaweza kukamua asubuhi kwenye kikombe safi chenye mfuniko. Mahali penye ubaridi maziwa hukaa kwa muda usiozidi saa 4, na mtoto anyweshwe kwa kikombe, maana chupa ni ngumu kusafisha na huleta kuhara. Mkubaliane mapema jina la atakayebaki naye na siku zake. "Bibi yupo" si mpango kama bibi naye huenda shamba.

Nani alee mtoto?

Kuna njia nne hivi. Binti alee akiwa kwao, akisaidiwa na mama yake: hii ndiyo ya kawaida, nayo hufaulu pale bibi asipomgeuza mjukuu kuwa mtoto wake na binti kuwa dada. Ndugu amchukue kwa muda: andikeni kwa muda gani, nani anatuma nini, na mama anamwona lini. Upande wa baba: sheria haiwapi haki ya kumchukua mtoto kwa nguvu eti amefika miaka saba, bali mahakama huangalia maslahi ya mtoto. Ya nne ni malezi ya kambo au kuasili.

Kuasili hukata uhusiano wa kisheria na wazazi wa kuzaa. Hutolewa kwa amri ya Mahakama Kuu, na ridhaa ya mama inahitajika hata kama ana miaka 16. Anayewaambia mumpe mtoto hospitalini kwa karatasi ya mkono na "asante" ya fedha anafanya biashara ya binadamu. Binti asiulizwe jambo hili wiki ya kwanza baada ya kujifungua, na asiulizwe mbele ya wajomba sita. Aulizwe na afisa ustawi wa jamii, faraghani, zaidi ya mara moja.

Na kutoa mimba?

Sheria ya nchi inakataza, isipokuwa pale maisha ya mama yanapohitaji kuokolewa, na hapo uamuzi ni wa daktari. Kama binti ameshajaribu kwa vidonge, mizizi au kitu kilichoingizwa ukeni, na ana damu nyingi, homa au harufu mbaya, mpelekeni hospitali bila kungoja. Huduma baada ya mimba kuharibika hutolewa vituoni. Daktari aambiwe ukweli wa alichotumia, kwani ndio unaoamua matibabu.

TASAF na mikopo ya halmashauri itatusaidia?

TASAF, mfuko wa serikali unaotoa ruzuku kwa kaya maskini, haichukui maombi ya mtu mmoja mmoja kila siku. Kaya hutambuliwa kupitia mkutano wa kijiji au mtaa. Kama kaya yenu tayari ni mnufaika, pelekeni taarifa za mtoto mchanga kwa kamati ya jamii ili aingizwe, na mhakikishe anahudhuria kliniki, kwani sehemu ya ruzuku hufungamana na hilo. Mikopo isiyo na riba ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri (4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu) hutolewa kwa vikundi vya watu wazima. Binti wa miaka 16 hastahili, ila mama yake anaweza kujiunga.

Cheti cha kuzaliwa?

Mtoto wa chini ya miaka 5 husajiliwa katika vituo vya afya na ofisi za kata kwa mpango wa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, bila malipo. Leteni tangazo la kizazi. Jina la baba wa mtoto wa nje ya ndoa huingizwa baba mwenyewe akikiri pamoja na mama, lakini kukosekana kwake kusicheleweshe cheti, na msiweke jina la babu mahali pa baba ili kuficha. Kurekebisha baadaye ni kazi na gharama, na kunaharibu ushahidi wa shauri la matunzo.

Vipi asipate mimba nyingine kabla ya kumaliza shule?

Kunyonyesha hukinga mimba kwa masharti matatu yakiwa pamoja: mtoto hajafika miezi 6, ananyonya maziwa ya mama pekee mchana na usiku, na hedhi haijarudi. Moja likivunjika, kinga imekwisha, na binti anayeshinda shuleni hulivunja la pili mapema. Kipandikizi au kitanzi anaweza kuwekewa muda mfupi baada ya kujifungua, akiwa bado hospitalini, bila malipo katika vituo vya serikali. Sindano ya miezi mitatu hungoja wiki 6 kwa anayenyonyesha. Aongee na muuguzi akiwa peke yake.

Sisi tuko Zanzibar. Haya yanatuhusu?

Ya kliniki na kunyonyesha, ndiyo. Ya mahakama, hapana: Zanzibar ina Sheria yake ya Mtoto ya mwaka 2011, ina mahakama zake zikiwemo za Kadhi, na taratibu zake za kumrejesha binti shule. Muoneni afisa ustawi wa jamii wa wilaya yenu, Unguja au Pemba, mkiwa na karatasi zile zile: kadi ya kliniki, ujumbe wa simu, na daftari lenye tarehe.